Nataka kufunga koilova mwenyewe nyumbani kwenye WRX, uwanja wangu ni mchanga (Dodoma)

kijana_wa_ipagala

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu maana nimeshafika pa kushika spana na sitaki kukosea.

Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, sedani, manyuo. Nimeinunua kwa hela ya zabibu, misimu miwili nimevuna kule Mpunguzi nikawa naweka pembeni kidogo kidogo, kwahiyo hii gari naipenda na kila nati yake inaniuma. Sasa shokapu zimekufa zote nne. Za mbele zinavuja mpaka mafuta yamechanganyika na vumbi yakawa tope gumu limeganda kwenye mwili wa shokapu, na wiki iliyopita natokea Morogoro, Gairo nimepita vizuri tu, kukaribia Kibaigwa pale lami ilipobonyea kwa matairi ya malori gari ikaanza kuogelea, niko 80 tu wala sio spidi, stelingi nimeishika mikono miwili lakini mkia unaenda unakotaka wenyewe. Nikashuka 60 mpaka nyumbani, jasho linanitoka.

Nimepata seti ya koilova mpya (shokapu na springi zake, za kurekebisha) kupitia jamaa anayeleta spea Dar. Ni zile unarekebisha urefu kwa chini kwenye braketi na ugumu kwa juu kwa kuzungusha kishikizo, zimekuja na maunting zake za juu kabisa (vile vishikizo vinavyofungwa kwenye bodi), springi zimeandikwa 8K mbele na 6K nyuma. Nimeenda gereji moja hapa mjini kuuliza, nikamuuliza fundi prilodi (springi ibanwe kiasi gani kabla ya kufungwa) ataiweka ngapi akanijibu "tutakaza mpaka igome". Hapo ndo nikaamua nifunge mwenyewe na mdogo wangu, jumamosi na jumapili.

Vifaa nilivyonavyo ni jeki ya magurudumu ya tani 2, stendi mbili za chuma, boksi spana seti nzima, na bomba refu la kuongezea nguvu. Toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza) sina. Uwanja wetu ni mchanga mtupu, saruji ipo barazani tu na gari haifiki pale. Je inawezekana? Na nishushe kiasi gani kwa hizi barabara zetu, maana kutoka lami mpaka kwangu ni kama kilomita moja na nusu ya vumbi na makorongo.

Fundi_Miyuji

Mdogo wangu, hongera kwa gari na kwa jasho la zabibu. Kazi hiyo unaiweza. Mwili huo wa Impreza mbele na nyuma zote ni mfumo wa MacPherson, shokapu na springi vimekaa pamoja kama kitu kimoja, chini kuna bolti mbili kubwa zinashika nakoli (kile chuma kinachobeba habu ya gurudumu), juu mbele kuna nati tatu ndogo. Kufungua haihitaji akili nyingi, inahitaji utulivu maana unafanya kazi pembeni ya kitu cha karibu kilo 1,400.

Naanza na uwanja maana ndo unaonitia wasiwasi kuliko yote. Watu wanajua stendi huzama kwenye mchanga, lakini hawajui kwamba jeki nayo ni hatari. Jeki ya magurudumu ikipanda mkono wake unachora sehemu ya duara, kwahiyo jeki yenyewe lazima itembee kuifuata gari, na ndo maana imewekewa magurudumu. Juu ya mchanga haitembei. Inachofanya inajichimbia, kichwa cha jeki kinaanza kuteleza kwenye chasi, au inaivuta gari pembeni mpaka inadondoka kutoka kwenye stendi ya upande wa pili. Nimeona kwa macho yangu. Tafuta mbao nene za inchi mbili au plaiwudi nzito, kipande cha futi mbili kwa futi mbili chini ya kila stendi, na kipande kirefu cha kama futi nne chini ya jeki ili ipate pa kutembea. Mchanga usawazishe kwanza kwa reki, umwagie maji jioni yake ushindilie. Ukimaliza kuweka stendi sukuma gari kwa bega, isukume kwelikweli, bora idondoke wakati hakuna mtu chini. Magurudumu uliyoyatoa yalaze chini ya sailensa... samahani, chini ya ukingo wa milango, pande zote mbili, hata stendi ikishindwa gari inakalia rimu na sio kifua chako. Ya nyuma weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi, hendibreki peke yake usiiamini.

Inua mbele pande zote mbili kwa pamoja, usifanye upande mmoja mmoja. Ukiinua upande mmoja ile stabilaiza (fimbo inayounganisha kushoto na kulia) inavutana, linki zake zinagoma kutoka na ukizitoa kwa nguvu unaharibu boli jointi zake.

Alhamisi jioni piga brashi ya waya bolti zote za chini afu zipulizie dawa ya kulainisha kutu, ijumaa rudia. Mbele, kabla hujagusa ile bolti ya JUU kati ya zile mbili za nakoli, angalia kichwa chake kina alama, hiyo ndo inayorekebisha kemba (tairi inavyoinama ndani au nje kwa juu). Chukua rangi ya kucha ya dada yako chora mstari unaopita kwenye kichwa cha bolti na kwenye shokapu ya zamani ujue ilikaaje, afu piga picha na simu.

Ondoa kwanza vishikizo vya hosi ya breki na waya wa ABS kwenye mwili wa shokapu. Hivi vikisahaulika unakata waya na taa inawaka kwenye dashibodi mpaka unachoka. Nyuma kwenye hizi gari kuna nyingine hosi inapita katikati ya kitundu cha braketi, haitoki mpaka ufungue paipu ya breki au ukate kitundu upande mmoja. Ukifungua paipu ni lazima utoe upepo kwenye breki baadaye, usidanganyike kwamba ni tone moja tu limetoka.

Ukitoa zile bolti mbili nakoli inalala nje yenyewe. Ifunge kwa waya kwenye chasi kabla haijalala, la sivyo inaning'inia kwenye hosi ya breki na inaivuta shafti mpaka inachomoka kwa ndani. Nati tatu za juu ziwe za mwisho, na mdogo wako awe ameishika shokapu kwa chini, ni nzito ile.

Nyuma sedani inabidi utoe kiti ndo uzione nati za juu.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: ILE NATI YA KATIKATI JUU YA SHOKAPU YA ZAMANI USIIFUNGUE. Inashikilia springi iliyobanwa, ikifunguka bila kifaa cha kubana springi inaruka na inaua mtu. Wewe koilova zako zina maunting zake, kwahiyo huna sababu yoyote ya kuigusa. Za zamani zitoe zikiwa nzima uziweke stoo.

Mwana_Altezza

Mimi nina Altezza, niko Nkuhungu, naunga mkono fundi hapo kwenye mbao. Mwaka jana nilikuwa nabadilisha shokapu za nyuma, sikuweka ubao chini ya stendi ya kushoto, nikasema ardhi si imekauka, ni kiangazi. Juu imekauka kweli lakini chini kulikuwa na shimo la panya sijui la nini. Nimetoka tu chini ya gari kwenda kuchukua boksi ya 14, nimegeuka nasikia kishindo, stendi imezama mpaka nusu na diski ya breki imechimba ardhi. Sekunde kumi kabla mkono wangu ulikuwa pale pale. Nilikaa chini nikashindwa hata kuongea, mke wangu alitoka ndani akadhani nimeumia. Tangu siku ile siinui gari bila ubao na bila gurudumu kulazwa chini, hata kama ni pancha.

Kwa wenye Altezza watakaosoma hapa, yetu ni tofauti, ni mikono ya juu na chini pande zote, kwahiyo shokapu inashikwa kwenye mkono wenye bushi. Bushi zile usizikaze gari ikiwa inaning'inia. Ziweke tu, shusha gari ikanyage kwa uzito wake afu ndo ukaze mwisho. Ukikaza ikiwa juu bushi inakaa imejipinda muda wote, miezi michache imechanika na gari inakaa juu kuliko ulivyopima. Kwa Impreza shokapu haina bushi chini lakini kama utalegeza linki za nyuma kanuni ni hiyo hiyo.

mlimwa_255

Mkuu shusha mpaka tairi iingie ndani ya fenda, WRX ikikaa chini ndo inapendeza. Mimi yangu nimeshusha sentimita 6 na natembea nayo mjini kila siku.

BintiKondoa

Kaka mlimwa, wewe unatembea lami ya mjini, muulizaji ana kilomita moja na nusu ya makorongo, naomba tumshauri kwa barabara yake.

Mimi natumia WRX pia, ya kubebea mizigo nyuma, na kwetu ni Kondoa. Kila mwezi napanda Dodoma Kondoa, mara nyingine naendelea mpaka Babati kupitia zile kona za Bereko. Nilianza kwa kushusha sentimita 5 nikafurahi wiki mbili. Matokeo yake: sampo (bakuli la mafuta chini ya injini) ilikwaruza kwenye tuta la kijijini, gari likibeba watu wanne inagonga mpira wa mwisho (ule unaozuia shokapu isigonge chuma) kila shimo, mgongo unauma, na tairi za mbele zililika upande wa ndani mpaka waya ukaonekana wakati nje bado zina kashata nzima. Sikujua kwamba ukishusha gari tou (tairi zinavyoelekea ndani au nje kwa mbele) inabadilika, na mimi nilikuwa sijapeleka alaimenti nikasema gari si inaenda mbele sawa.

Nikapandisha. Sasa hivi niko sentimita 1 na nusu tu chini ya ilivyotoka kiwandani na ndo gari imekuwa nzuri kwelikweli, kona za Bereko inakata imetulia na tuta inavuka. Uzuri wa koilova ni kwamba shokapu na springi zimelingana, kushusha ni hiari yako, unaweza kuziweka kwenye urefu wa kawaida kabisa na bado ukapata faida yote ya utulivu. Naomba uanzie hapo kaka yangu. Anza juu, endesha mwezi, kama bado unataka kushuka unashuka milimita 10 unapima tena.

Na upime kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa fenda, usipime kutoka chini maana mchanga unadanganya na upepo wa tairi unadanganya. Pima kona zote nne KABLA hujafungua chochote, andika kwenye daftari.

mwalimu_wa_kongwa

Habari zenu. Nimeona neno prilodi limetajwa na fundi mmoja akasema "mpaka igome", naomba niliongelee hilo tu maana nafundisha fizikia na pia gari yangu iliharibiwa na kosa hilohilo.

Springi ya 8K maana yake ni kilo 8 kuibonyeza milimita 1. Kona ya mbele ya WRX tuseme inabeba kilo 340 juu ya springi, gawanya kwa 8 unapata kama milimita 42. Yaani gari ikisimama tu, springi imeshabonyea milimita 42. Hizo milimita 42 ndo akiba ya gurudumu kushuka chini linapokutana na shimo, kabla springi haijaisha kujinyoosha. Sasa ukikaza kola ya springi (ile nati pana inayoikalia springi) milimita 3 kabla ya kufunga, umekula 3 kwenye akiba, inabaki 39, hakuna shida. Lakini ukikaza "mpaka igome", tuseme milimita 30, akiba inabaki 12. Ukifika kwenye korongo gurudumu linashuka milimita 12 afu shokapu imefika mwisho, tairi inabaki hewani, na shokapu inagonga juu kwa chuma. Barabara ya vumbi tairi ikiwa hewani huna breki wala stelingi.

Na kukaza kola hakuongezi ugumu wa springi, watu wengi wanaamini hivyo. Springi ya 8K yenye ugumu usiobadilika inabaki 8K. Unachohisi kama ugumu ni shokapu kukosa nafasi ya kutembea.

Kwahiyo kwa koilova zako zenye kurekebisha urefu kwa chini: zungusha kola ya springi kwa mkono mpaka springi isicheze ukiitikisa, ongeza milimita 2 au 3, funga nati yake ya kufungia, afu usiiguse tena maisha yake. Urefu wa gari upate kwa kuzungusha ile braketi ya chini peke yake. Hakikisha kushoto na kulia zimelingana kwa milimita ukiwa umezilaza mezani, na uzi wa braketi uwe umeingia kutosha, zina alama au maelezo ya kiwango cha chini, usivuke hapo hata kama unataka gari iwe juu zaidi.

kijana_wa_ipagala

Shikamoo mwalimu, asante sana, hii ya milimita 42 nimeisoma mara tatu na sasa nimeelewa kwanini lile jibu la gereji lilinikereketa bila kujua sababu. Dada BintiKondoa asante, nitaanzia juu.

Fundi shikamoo, swali: toki renchi sina, je nitumie nguvu ya mkono tu? Na huku upepo ni mwingi sana kipindi hiki, vumbi linapenya kila mahali, inaathiri?

Fundi_Miyuji

Marahaba mdogo wangu. Toki renchi tafuta, azima, kodi, lakini iwepo. Nikueleze kwanini. Zile nati tatu za juu mbele zinataka Nm 20 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ishirini! Ni kidogo sana, kijana mwenye nguvu na spana ndefu anakata bolti zake papo hapo na zile bolti zimepigwa kwenye maunting, ukikata moja umeharibu maunting nzima. Halafu zile mbili za chini kwenye nakoli ni kinyume chake, zinaenda juu ya Nm 150, na inategemea mwaka na mbele au nyuma kwahiyo soma kitabu cha gari yako au karatasi iliyokuja na koilova. Hizo mkono peke yake haufiki bila bomba. Zikilegea kemba inahama yenyewe unatembea. Nati za gurudumu weka kati ya 90 na 100, na uzikaze tena baada ya kilomita 50.

Vumbi ndiyo linaathiri na nafurahi umeuliza. Koilova ina uzi mwilini mzima na kola nyingi ni alumini. Vumbi letu hili likiingia kwenye uzi pamoja na unyevu wa masika, mwaka mmoja kola imeganda, huizungushi hata kwa nyundo. Kabla ya kufunga paka uzi grisi ile ya shaba nyembamba tu, ukishaweka urefu futa iliyozidi maana grisi nene inakamata vumbi. Wengine wanavisha soksi za mpira au kitambaa, sio vibaya. Kila baada ya miezi michache osha kwa maji na brashi laini, usipige presha ya maji moja kwa moja kwenye sili ya juu ya shokapu. Zile maunting zenye boli ya chuma badala ya mpira zitakuwa na kelele kidogo barabara mbaya, hiyo ni asili yake, lakini kelele kubwa usiipuuze.

Fanya kazi asubuhi, saa 12 mpaka saa 5 upepo bado haujachachamaa.

kijana_wa_ipagala

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimechelewa.

Mbao nilipata kwa fundi wa jirani yangu anayejenga, toki renchi niliazima kwa jamaa Kisasa nikamwachia kitambulisho. Mchanga tulimwagia maji ijumaa jioni tukashindilia na mdogo wangu kwa miguu na kigogo. Jumamosi saa 12 na nusu gari iko juu, nikaisukuma kwa bega kama fundi alivyosema, haikutikisika hata kidogo, nikapata amani ya moyo.

Mbele kulia ilitoka dakika arobaini. Mbele kushoto bolti ya chini iligoma masaa mawili. Nati ilitoka lakini bolti yenyewe imeshikana na nakoli, nikapulizia dawa, nikarudisha nati mpaka ilingane na mwisho wa bolti ili nisiharibu uzi, nikapiga nyundo taratibu, haiendi. Mdogo wangu ndo akasema tuizungushe kwanza kwa bomba badala ya kuipiga, tukaizungusha robo kwenda robo kurudi, ikalia ngriii, vumbi jekundu la kutu likawa linatoka kama unga wa pilipili, mara ya kumi hivi ikatoka. Tulipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Shokapu ya zamani ya kushoto nilipoisimamisha chini nikaipima dhidi ya mpya nikaona mpira wa mwisho ulishasagika wote, haupo, kwahiyo siku zote zile nilikuwa nagonga chuma kwa chuma. Roho iliniuma.

Nyuma kutoa kiti ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Hosi moja ya breki ilikuwa kwenye kile kitundu, nikafungua paipu, kwahiyo jumapili nilitoa upepo magurudumu yote, mdogo wangu anakanyaga mimi nafungua, mpaka pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Vipimo, habu mpaka fenda: nimeweka mbele milimita 15 chini ya vile vya zamani na nyuma milimita 10, kushoto na kulia zinapishana milimita 2. Prilodi milimita 3 zote. Ugumu nimezungusha mpaka mwisho wa kukaza afu nikarudisha nyuma nusu ya mibofyo yote. Jumatatu nikapeleka alaimenti kabla hata ya kazini. Tou ya mbele ilikuwa imeenda nje vibaya, kwa dada BintiKondoa hapo umeniokolea tairi.

Tatizo ni moja. Nikipita tuta taratibu mbele kushoto kuna ngo, ngo, kama mtu anagonga mlango. Kwenye lami spidi ya juu haipo kabisa. Kulia kimya.

Mwana_Altezza

Hongera sana kaka, kazi safi. Angalia linki ya stabilaiza upande huo, kama umeikaza ikiwa imepinda inagonga mwili wa koilova. Geuza stelingi mwisho kushoto na mwisho kulia mtu akiangalia kwa tochi.

Fundi_Miyuji

Kazi nzuri, nimefurahi kweli. Kelele ya tuta taratibu upande mmoja mara nyingi ni moja kati ya tatu: linki kama alivyosema Altezza, nati ya juu ya katikati ya KOILOVA (hiyo sasa unaweza kuikaza, sio kufungua, shika shafti kwa spana ya pembe sita isizunguke), au ile nati ya kufungia braketi ya chini haijakaza vizuri. Fanya hivi, mtu mmoja aweke kiganja juu ya maunting chini ya boneti, mwingine atikise gari kwa kubonyeza fenda. Kama kishindo kinasikika kiganjani ni juu. Kama hakisikiki kiganjani shuka chini. Usiendeshe mbali mpaka uipate.

BintiKondoa

Na ukishaipata rudia alaimenti baada ya kilomita 300 au 400 hivi, springi mpya zinakaa kidogo na urefu unashuka milimita kadhaa. Yangu ilishuka 4.

kijana_wa_ipagala

Nimeipata. Kiganja juu kilikuwa kimya, tukashuka chini. Ilikuwa nati ya kufungia braketi, mbele kushoto, ile ile kona ya bolti iliyogoma. Nakumbuka kabisa, tulikuwa tumechoka na jua limeshapanda, nikaikaza kwa mkono nikasema nitarudi na ile spana yake ya ndoano, sikurudi. Ilikuwa imelegea robo mzunguko. Nimeinua tena, ubao, stendi, gurudumu chini, nikapima urefu upya ulikuwa haujahama, nikaikaza, nikachora mstari wa rangi ya kucha kwenye nati na mwili wake kona zote nne ili nikiinama tu nione kama kuna iliyohama.

Jana nimeenda mpaka Kibaigwa na kurudi, makusudi, kwenye lami ile ile iliyobonyea. 80, mkono mmoja kwenye stelingi, mkia unafuata kichwa. Mdogo wangu amelala njia nzima.